Sura ya Saba: Mbwa Akishapita

"Leteni kisu!" Ndilo neno la kwanza kusikika katika nyumba nyingi mbwa akishatimuliwa uani. Tetea amelala ubavu, manyoya yametapakaa hadi mlango wa jiko, na kila mtu anaona la maana ni kumuwahi kabla hajawa kibudu. Kwa Mwislamu haraka hiyo ina msingi: mnyama aliyeraruliwa haliwi ila akiwahiwa kuchinjwa angali hai. Kwa wengine ni hesabu ya kawaida ya nyumbani, afadhali kitoweo kuliko hasara.

Sura hii inaomba dakika chache kabla ya kisu. Kuku ana uwezo wa kupona ambao wafugaji wengi hawajawahi kuupa nafasi. Ngozi iliyochanika mgongoni hujifunga, manyoya hurudi, na tetea aliyedhaniwa mfu hutaga tena. Wanaonusurika meno kisha wakafa baadaye, mara nyingi huondoka kwa mambo yanayofuata: mshtuko, baridi, vijidudu, inzi, na midomo ya kuku wenzao. Maadui hao hawaji kwa pamoja. Kila mmoja ana saa yake, na mfugaji anayezijua saa hizo anaweza kumzibia njia kila mmoja kabla hajafika.

Kabla ya kumgusa kuku

Mwondoe mbwa kwanza. Usimnyang'anye kuku mdomoni kwa mikono mitupu. Mmwagie maji, mtupie gunia, kisha mfungie nje ya geti. Usijipe moyo kwamba ameshiba hatarudi. Kinachomchochea mbwa ni kuku anayekimbia na kupiga mabawa, ndiyo maana anaweza kuangusha kundi zima asile hata mmoja, na msisimko huo akishauonja ataufuata tena.

Kama katika vurugu hizo ameng'atwa mtu, mambo ya kuku yasubiri. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuulizia chanjo, hata kama ni mkwaruzo tu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kinazuilika pale tu chanjo inapowahi. Kuku mwenyewe si wa kuogopwa kwa hili, maana kichaa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha. Hata hivyo, mate mabichi ya mbwa bado yako kwenye manyoya yake, na mkono wako unaweza kuwa na mchubuko. Vaa glovu, na ukimaliza nawa vizuri kwa sabuni.

Halafu hesabu kundi lote. Kuku aliyetishwa hujificha chini ya vichaka, nyuma ya rundo la matofali, hata juu ya mwembe, na wengine hawatoki hadi giza linapoingia. Watafute wote. Aliyesimama wima akionekana mzima naye akaguliwe, kwa sababu kuku huficha maumivu. Ndivyo alivyoumbwa kiumbe anayewindwa: anayeonyesha udhaifu hadharani ndiye anayekamatwa wa kwanza.

Saa ya kwanza: damu na mshtuko

Tetea wa kienyeji mwenye uzito wa kilo moja na nusu ana damu isiyozidi sana mililita 100, yaani chini ya nusu glasi. Kwa hiyo jeraha linalotiririsha damu lishughulikiwe kabla ya lolote. Chukua kitambaa safi, kikandamize juu ya jeraha kwa dakika tano, na usikiinue kuchungulia. Kila unapochungulia unabandua damu iliyokuwa imeanza kuganda. Kama damu inatoka kwenye kucha iliyong'oka au kwenye nyoya changa lililovunjika, unga kidogo wa ngano uliobanwa pale kwenye ncha husaidia kuizuia. Unga huo usiutie kamwe ndani ya jeraha la nyama.

Baada ya damu, mshtuko. Utamtambua kuku aliyepatwa na mshtuko kwa macho yaliyofumba, undu uliopauka, miguu ya baridi, na manyoya yaliyotutumka kama anayeumwa homa. Joto la kawaida la kuku ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, juu kuliko letu, na mwili uliopoteza damu hauwezi kulishikilia. Huyu anahitaji mambo matatu: joto, giza na kimya.

Mshike kwa uangalifu. Kuku hana kiwambo cha misuli chini ya mapafu kama tulicho nacho sisi. Anapumua kwa kuusogeza mfupa wa kidari mbele na nyuma. Ukimkumbatia kwa nguvu kifuani anaweza kukosa pumzi mikononi mwako huku ukidhani unamtuliza. Mviringishe katika kanga kuukuu, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni, na kifua ukiache huru.

Muweke ndani ya boksi lenye matundu au tenga lililofunikwa kitambaa. Chini tandika matambara safi au nyasi kavu. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa taulo, na uiweke upande mmoja tu ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Wa Pwani anaweza kutosheka na matambara peke yake. Wa Njombe au Limuru atahitaji chupa hiyo ibadilishwe usiku kucha. Usilete jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu huua hata watu, na ndege huzidiwa nayo mapema zaidi kwa jinsi mapafu yao yanavyovuta hewa kwa ufanisi.

Maji yasubiri hadi aweze kuinua kichwa mwenyewe. Changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mchovyeshe ncha ya mdomo anywe kwa hiari yake, au dondoshea tone moja moja pembeni mwa mdomo. Usimfungue mdomo ukamimina. Tundu la pumzi la kuku liko wazi nyuma tu ya ulimi, na maji yakiingia humo yanafika kwenye mapafu. Kinywaji hicho ni cha saa za mwanzo. Kesho yake mrudishie maji ya kawaida.

Kumkagua: tafuta usichokiona

Akishatulia na kupata joto, ndipo umkague. Fanya kazi hii mchana au kwa tochi kali, na upate mtu wa kumshika.

Meno ya mbwa hufanya mambo mawili kwa mpigo. Yale marefu ya pembeni hutoboa, na taya hubana na kutikisa. Ngozi ya kuku ni nyembamba na haijashikamana sana na nyama, kwa hiyo huteleza. Jino linaloingia kwa kitundu kidogo linaweza kuwa limeacha chini yake mfuko mpana wa nyama iliyopondeka. Juu unaona kitundu, chini kuna uharibifu. Na kwa kuwa kuku amevaa manyoya, hata hicho kitundu huwa hukioni.

Anza mgongoni na mkiani, ambako mbwa hukamata kuku anayekimbia. Puliza manyoya kwa mdomo yagawanyike uone ngozi. Mahali yaliposhikamana kwa damu au mate, hapo ndipo pa kutafuta. Inua kila bawa utazame kwapani, shuka mapajani, kisha kinenani na kuzunguka tundu la haja. Kila ukikuta jeraha usiishie hapo: jino moja lina mwenzake upande wa pili. Pitisha vidole juu ya ngozi ya shingo na kifua. Ukihisi inatoa mchakacho laini chini ya vidole, kama mfuko wa karatasi unaobanwa, ujue hewa imevujia chini ya ngozi. Ndege wana vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, na hata mfupa wa juu wa bawa una uwazi unaopitisha hewa. Hewa kidogo chini ya ngozi mara nyingi huisha yenyewe. Ikimfurisha kuku au akihema kwa mdomo wazi, ni kazi ya daktari wa mifugo.

Punguza kwa mkasi manyoya yaliyo ukingoni mwa jeraha. Usiyang'oe. Ngozi iliyopasuka ikivutwa hupasuka zaidi, na nyoya likikatwa halimuumi.

Kuosha ndiko kutibu

Kinywa cha mbwa kimejaa vijidudu, vikiwemo vya jamii ya Pasteurella, na jino huvipeleka ndani kabisa ya nyama. Jamii hiyo ndiyo yenye kijidudu kinacholeta kipindupindu cha kuku, ugonjwa ambao Louis Pasteur aliutumia mwaka 1879 na 1880 kutafuta namna ya kutengeneza chanjo maabara, kabla ya kufika kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa mwaka 1885. Kwa mfugaji funzo ni hili: dawa ya kupaka juu haifuati jino lilikopita. Maji ndiyo yanayofuata.

Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yawe vuguvugu. Vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano na usukume maji ndani ya jeraha hadi yatoke safi, bila damu nyeusi, mchanga wala manyoya. Rudia mara nyingi. Katika huduma nzima hakuna hatua inayolipa kuliko hii. Kwa tundu refu la kifuani au mgongoni, usisukume maji kwa nguvu wala ndani sana, kwa sababu linaweza kuwa limefika kwenye kifuko cha hewa. Hilo lisafishwe kwa kufuta tu.

Baada ya maji ya chumvi, paka ayodini ya vidonda iliyozimuliwa hadi ifanane rangi na chai ya rangi nyepesi. Asali safi isiyochanganywa nayo inafaa kwa jeraha lililo wazi, mradi kuku yuko ndani na sisimizi hawamfikii. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, majivu, tumbaku na sabuni ya unga visiguse kidonda. Najua vinatumika, na najua vilirithiwa kwa nia njema ya kufukuza inzi. Vinaunguza nyama changa inayojaribu kuota, na kuku huvimeza anapojisafisha kwa mdomo. Spiriti nayo ni ya kusafishia mkasi na mikono yako.

Usishone jeraha la meno kwa uzi wa nyumbani. Ukilifunga umevifungia vijidudu ndani. Jeraha la wazi la kuku hujaa nyama kutoka chini kupanda juu, kisha kingo hukaribiana. Daktari wa mifugo ndiye anayejua lipi la kushonwa, na yapo ya lazima: gole likipasuka, utaona maji aliyokunywa yakivuja shingoni, na huyo hataishi bila kushonwa.

Daktari huyo, au afisa mifugo wa kata yako, ndiye wa kuamua pia kuhusu antibiotiki. Kwa tundu lolote la jino ni vyema amwone kuku siku ya kwanza au ya pili. Akikuandikia dawa, maliza siku zote alizosema, na muulize mayai na nyama viachwe kwa muda gani. Ni haki ya anayekula. Usimpe kuku vidonge vya maumivu vya binadamu kwa kukadiria.

Pale kisu kinapostahili

Kuna kuku ambao huruma kwao ni kuchinjwa mapema. Utumbo ukiwa umetoka nje, uti wa mgongo ukiwa umevunjika na miguu yote miwili haina hisia, au mfupa wa paja ukiwa umesagika, usimweke usiku kucha kwa matumaini. Amua kabla ya kumpa dawa yoyote. Kuku waliokufa wafukiwe kwenye shimo refu au wachomwe. Kumtupia mbwa mizoga yao ni kumfundisha kwamba kuku ni chakula chake.

Lakini bawa lililovunjika, jicho moja lililopotea, mkia uliong'olewa wote, au ngozi ya mgongo iliyochanika ukaona nyama nyekundu, kuku huishi navyo vyote. Bawa likunje lilivyokuwa na ulifunge mwilini kwa bendeji, ukiacha nafasi ya kupumua.

Siku ya pili hadi ya saba

Adui wa siku hizi ni inzi. Katika joto letu, mayai ya inzi yanaweza kuanguliwa kabla siku moja haijaisha. Yanaonekana kama vipunje vyeupe vilivyobandikana penye unyevu, hasa karibu na tundu la haja. Kagua asubuhi na jioni. Funika boksi kwa kipande cha chandarua kikuukuu, na badilisha matandiko kila siku. Ukikuta funza, mtoe mmoja mmoja kwa kibano, kisha osha upya kwa maji ya chumvi mpaka asibaki hata mmoja.

Siku hizi pia zina mambo yanayotisha bila sababu. Mahali palipopondeka huwa pekundu, kisha zambarau, na baada ya siku moja au mbili huwa kijani. Wengi hudhani nyama imeoza. Mwili wa ndege huivunja damu iliyovilia na kuiacha katika rangi hiyo ya kijani, tofauti na wetu unaoendelea hadi manjano. Uozo wa kweli unajulikana kwa harufu mbaya, ngozi nyeusi yenye baridi, na kuku anayezidi kunyong'onyea. Usaha nao si kama wetu: wa kuku haumiminiki, huganda ukawa kama jibini. Ukiona uvimbe mgumu wa manjano chini ya ngozi, kuuminya hakusaidii. Unahitaji kufunguliwa na mtaalamu.

Tazama kinyesi chake. Kijani kitupu chenye maji ni dalili kwamba hali chakula. Kinyesi cha kawaida, cheusi au kahawia chenye kofia nyeupe, kinakuambia tumbo na figo vinafanya kazi, maana hiyo sehemu nyeupe ndiyo mkojo wake.

Mlishe chakula laini. Pumba iliyolowekwa kwa maji vuguvugu, yai la kuchemsha lililopondwa, dagaa waliosagwa, mchicha uliokatwakatwa. Mchwa wakipatikana, mpe. Nyama mpya na manyoya mapya vinajengwa kwa protini, na nyoya lenyewe karibu lote ni protini. Nyoya lililong'oka na mzizi wake huanza kuchipua baada ya wiki chache. Lililokatikia juu hubaki kigutu hadi kuku atakaponyonyoka na kuota mapya.

Kurudi kwa wenzake

Usimrudishe kidonda kikiwa bado chekundu. Kuku huvutwa na rangi ya damu, akianza mmoja kudonoa wengine hufuata, na tetea aliyenusurika mbwa anaweza kuuawa na dada zake. Jivii ya zambarau au dawa ya kupuliza ya bluu kutoka duka la dawa za mifugo husaidia kuuficha wekundu, ila kinga ya kweli ni kumtenga mpaka ngozi ifunge.

Kumtenga kusimfanye mgeni. Kundi la kuku lina daraja zake, nani anakula kwanza na nani anampisha nani, na asiyeonekana kwa muda huanza upya chini kabisa. Akishapata nguvu, muweke mahali anapoonana na wenzake kupitia wavu. Siku ya kumwachia, mwingize bandani usiku wakiwa wamelala, na asubuhi tawanya chakula sehemu mbalimbali ili asifukuzwe kwenye chombo kimoja.

Mayai usiyadai. Kundi zima, hata wasioguswa, linaweza kusimama kutaga kwa wiki kadhaa, na ya mwanzo yakaja na ganda laini au umbo la ajabu. Yai huchukua takriban siku nzima kutengenezwa, sehemu kubwa ya muda huo ikiwa ya kujenga ganda, na hofu huivuruga kazi hiyo. Tetea anayesimama wima kama pengwini, tumbo limejaa, hataki kula, anaweza kuwa na yai lililopasukia ndani. Mpeleke kwa daktari. Chanjo ya mdondo, unaoitwa pia kideri, kwa aliyeumia isubiri hadi apone, lakini isisahaulike: tone la jichoni la I-2 hurudiwa kila miezi mitatu.

Kabla mbwa hajarudi

Zungumza na mwenye mbwa siku hiyohiyo, kwa utulivu, ukiwa na picha. Ikishindikana, mwenyekiti wa mtaa yupo. Muulize jirani kama mbwa wake amechanjwa kichaa, kwa sababu jibu hilo linawahusu watoto wenu wote. Kisha tazama banda. Wavu mwembamba wa kuku humzuia kuku kutoka, haumzuii mbwa kuingia. Anaupasua kwa meno. Tumia waya mnene uliounganishwa kwa kuchomelewa, na ufukie ukingo wake ardhini sentimita 30 au zaidi, kwa kuwa mbwa akishindwa na ukuta huchimba.

Mwisho, weka chombo chenye kifuniko mahali kila mtu wa nyumba anapajua: glovu, mkasi, bomba la sindano, kibano, chumvi, sukari, ayodini ya vidonda, jivii, bendeji, vitambaa safi, kanga kuukuu, kipande cha chandarua, na namba ya simu ya afisa mifugo iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mbwa hachagui siku wala saa, na mara nyingi huingia usiku maduka yakiwa yamefungwa. Katika vifaa vyote hivi hakuna kitu kigumu kupatikana, na vingi tayari viko ndani ya nyumba. Vikusanye wiki hii, na umfundishe kila anayebaki nyumbani namna ya kuvitumia.